Mtoto akiogopa pembea kubwa ya sikukuu

Miaka mitatu nyuma, Idi pili, nilimpandisha binti yangu pembea kubwa, ile ya duara iliyosimama wima, katika kiwanja cha sikukuu hapa Unguja. Alikuwa na miaka sita. Chini alikuwa anacheka. Tulipofika juu kabisa, pembea ikasimama. Kiti kikawa kinachezacheza kwa upepo, mwanangu akanikamata shingo huku analia: "Mama, imeharibika! Hatushuki tena!" Sikuwa na la kumjibu, maana na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Tuliposhuka nilimuuliza kijana anayepandisha watu, akanifahamisha vizuri. Pembea husimama ili waliofika chini washuke na wengine wapande. Tena hajazi viti kwa kufuatana. Akishapakia kimoja huzungusha kwanza, akapakia cha upande wa pili, uzito ulingane. Upande mmoja ukijaa na mwengine ukawa mtupu, mota huelemewa. Kwa hiyo akikwambia "subiri, utapanda kile", usibishane naye.

Hata ile aliyoijenga mhandisi George Ferris kwa maonesho ya Chicago mwaka 1893 ilikuwa hivyo. Ilikuwa na vyumba 36, kila kimoja kikichukua watu 60. Mzunguko wa kwanza ilisimama mara sita kushusha na kupakia, wa pili ndio ikaenda moja kwa moja. Nilipomhadithia mwanangu, alichoshika ni hao watu 60 tu. Aliuliza kama na watoto walikuwemo.

Siku hizi, tukienda kiwanja cha Kariakoo ya hapa Unguja, au tukiwa Pemba tukapita kile cha Tibirinzi, sikati tiketi kwanza. Tunasimama pembeni tunaitazama, tunahesabu imesimama mara ngapi, mpaka mtoto awaone wenziwe waliokuwa juu wameshuka wazima. Akikataa, basi. Usimvute mkono, wala usimwite mwoga mbele ya wenziwe siku ya sikukuu. Hilo linaniuma sana ninapoliona, maana mtoto kavaa nguo mpya, kaja kufurahi, anarudi nyumbani na kilio.

Mkishakaa, kitikise mwenyewe kile chuma cha mbele uone kimefunga. Ushungi, mtandio, ncha za buibui, vikusanye mapajani. Urojo na malai viwe baada ya kushuka, kwa sababu kisunzi na tumbo lililojaa havipatani. Na msikitikise kiti. Kimening'inizwa ili kibaki wima pembea ikizunguka, kwa hiyo mkiinama nyote mbele, nacho kinainama. Mtoto akishikwa na hofu, mwambie atazame mbali, minazi au bahari, asitazame chini.

Idi iliyopita tulipanda watatu, mimi, yeye na mdogo wake. Pembea ikasimama juu, mdogo akaanza kukunja uso. Dada yake akamshika mkono: "Kuna watu wanapanda huko chini. Hii ya nne, bado mbili."