Chembe nyeupe 16,000: si lazima iwe saratani ya damu

Pole dada kwa hofu. Umesema mumeo, mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, kapimwa damu chembe nyeupe zikawa 16,000, na jirani kakwambia ni saratani ya damu. Namba hiyo peke yake haitoshi kusema hivyo. Mtu mzima huwa na kati ya 4,000 na 11,000 hivi, na kinachozipandisha mara nyingi ni maambukizi ya bakteria: nimonia, jipu, kidole tumbo, figo. Malaria kwa kawaida haizipandishi, kwa hiyo msiishie kwenye kipimo cha malaria tu.

Tazama karatasi ya majibu, chini ya jumla kuna mgawanyo wa aina za chembe nyeupe. Neutrofili zikiwa juu, fikiria bakteria. Eosinofili zikiwa juu, na yeye kutwa yuko majini Tanganyika, mwambie daktari waziwazi kuhusu ziwa, apimwe choo kwa kichocho na minyoo. Kichocho kina dawa, prazikwanteli. Pumu na mzio pia huzipandisha hizo eosinofili.

Anavuta sigara? Ametumia prednisoloni (dawa ya steroidi)? Vyote hupandisha jumla ya chembe nyeupe.

Saratani ya damu hufikiriwa zaidi namba zikiwa juu mno au zikiendelea kupanda, damu ikipungua, fizi zikivuja, tezi na bandama zikivimba. Hapo daktari huagiza damu itazamwe kwa darubini. Kwa sasa aanze kutibiwa chanzo, kipimo kirudiwe baada ya matibabu. Akipata homa kali, kuchanganyikiwa au kupumua kwa shida, mpelekeni hospitali ya Maweni leo hii.