Jibu: Pampu ya shimoni, chuma au plastiki?

Habari ndugu. Umeuliza uchukue pampu ya chuma au ya plastiki ya kutoa maji yanayojaa kwenye shimo la nyuma ya nyumba, Bagamoyo karibu na ufukwe. Kwanza muulize jirani mwenye kisima: maji yana chumvi? Kama yanayo, chuma cha kutupwa (kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kisahau. Yangu huku Tanga iliota kutu mpaka boliti zikakatika. Stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) nayo chagua: daraja la 316 huvumilia chumvi kuliko la 304, na sumaku ya fundi haizitofautishi, soma kibandiko. Mimi sasa natumia plastiki ngumu. Haishiki kutu, ila haipoozi mota kama chuma, kwa hiyo usiiache ikinguruma shimo likiwa kavu. Kagua boliti na shafti pia. Bodi plastiki, boliti chuma cha kawaida, umerudi kulekule.