Kabla ya Kulalamikia Huduma za Watoto, Ombeni Karatasi

Dada mmoja aliye mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chao ameniandikia akiuliza tulifanyaje hadi vyoo vya shule yetu ya msingi, vilivyokwama kwa muda mrefu, vikaanza kutumika muhula huu. Swali lake limenifurahisha kuliko pongezi nilizopokea, kwa sababu wengi wanaonipongeza leo hawaulizi njia tuliyopita, na baadhi yao walikuwa wa kwanza kutucheka tulipoanza. Jibu fupi ni kwamba tuliacha kuuliza kwa nini watoto wanateseka, tukauliza ni shilingi ngapi zilipokelewa, lini, na zimenunua nini.

Somo hilo nililipata mwaka 2021, zilipokuja fedha za UVIKO-19. Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikaelekezwa kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Kiwango hicho kilitangazwa redioni na kurudiwa mikutanoni hadi mama muuza vitumbua akakijua kwa kichwa. Kila aliyepita karibu na msingi uliokuwa ukichimbwa aliweza kusimama na kuuliza mifuko ya saruji imefika mingapi na mabati yako wapi. Sikumbuki mradi mwingine kijijini kwetu, hapa mkoani Morogoro, uliofuatiliwa na watu wengi kiasi hicho bila semina wala posho, na sababu ninayoiona ni kwamba wananchi walikuwa na namba mkononi.

Vyoo vyetu havikuwa na namba. Wananchi tulichanga mawe, mchanga na nguvu kazi, fedha nyingine ikatoka kwenye mradi, na taarifa ya robo mwaka iliyosomwa katika mkutano mkuu wa kijiji ikasema kuwa ujenzi umekamilika. Kwa mtu anayepita barabarani ilikuwa kweli, kwani kuta zilikuwepo, bati lilikuwepo, na rangi ilikuwa imepakwa. Hata hivyo, jengo halikuwa na milango wala maji, na njia ya kuingilia ilikuwa imezibwa kwa matawi ya miiba ili watoto wasilichafue. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yetu ina wasichana wapatao 400, maana yake wanastahili matundu 20, na yaliyokuwa yakitumika upande wao yalikuwa sita.

Sehemu ninayojivunia zaidi ni kwamba tuliwauliza watoto wenyewe. Mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 si mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, kwa hiyo huduma zinazomhusu hujadiliwa na watu wasiozitumia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake, lakini kwenye ajenda za mikutano yetu sijawahi kuona kipengele cha maoni ya watoto. Wenzangu wa kike katika kikundi chetu cha vijana waliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, wakakaa na wasichana wa darasa la sita na la saba pamoja na mwalimu wa malezi, sisi wanaume tukiwa mbali. Wasichana walieleza kwamba siku za hedhi wengi wao hurudi nyumbani saa nne, na asiyerudi hanywi maji tangu asubuhi ili asilazimike kwenda chooni. Hakuna fomu ya utekelezaji wa mradi niliyowahi kuiona yenye mahali pa kuandika jambo kama hilo.

(Hapa niseme jambo ambalo halina mjadala. Mtoto akikueleza habari za ukatili katika mazungumzo ya namna hii, hiyo si hoja ya mkutano wa hadhara. Mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga namba 116, na ufunge mdomo kwa wengine wote.)

Niliposimama mkutanoni kuuliza juu ya vyoo, mtumishi mmoja ambaye sitamtaja alijibu mbele ya watu wote kwamba kuna vijana waliokosa kazi za kufanya na sasa wanatumiwa. Mama yangu alikuwa amekaa safu ya pili. Sijalisahau neno hilo, wala sioni sababu ya kujifanya nimelisahau. Baada ya mkutano tuliandika barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, tukiomba kiasi cha fedha kilichopokelewa, makadirio ya ujenzi na taarifa za kamati ya mapokezi ya vifaa. Tulitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 30, na tukahakikisha nakala tuliyobaki nayo imegongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri utaambiwa haikufika, na hutakuwa na la kujibu.

Kilichofuata kilikuwa kusubiri, nauli na ahadi za njoo kesho, nami sitawachosha nacho. Karatasi zilipopatikana, zilionyesha kwamba makadirio yalikuwa na milango na tenki la maji. Fedha yake ilikuwa imeingia kwenye msingi, kwa sababu udongo wa pale ni tifutifu na fundi alilazimika kuchimba zaidi na kuongeza nondo. Hakuna aliyeiba. Mabadiliko hayakuandikwa popote wala kuletwa mkutanoni, na kila mwenye dhamana aliona ni rahisi kusema kazi imekwisha. Fikirini ingekuwaje kama tungesimama na kuwaita watu wezi. Diwani aliichukua karatasi ile hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri, na fedha ya umaliziaji ikatengwa. Milango imefungwa, tenki limewekwa, na kipo chumba cha wasichana cha kujistiri.

Sasa nawageukia vijana wenzangu, ambao nyuzi zenu za malalamiko kwenye makundi ya WhatsApp nazisoma kila siku. Ombeni karatasi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, shilingi 6,000 zikienda kwenye akaunti ya shule na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 800 ilistahili shilingi 400,000 kila mwezi. Nani kati yenu amekwenda kusoma ubao wa matangazo wa shule ya mdogo wake kuona kilichopokelewa? Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia nne kati ya hizo 10 ni ya vijana, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Tulilalamika iliposimama, na iliporudi hatukuuliza ni vikundi gani vimepewa na kiasi gani. Mtu asiyeuliza kwa maandishi hana haki ya kushangaa anapojibiwa kwa hotuba.

Dada yangu, wewe umeshika nafasi nzuri kuliko niliyokuwa nayo mimi, kwa kuwa uko ndani ya kamati. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya na zahanati hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati yako inapaswa kuona mapato na matumizi. Katika kikao kijacho omba taarifa ya benki ya robo mwaka na leja ya dawa, uzilinganishe na kile akina mama wanachokueleza siku ya kliniki: chanjo iliyokosekana, dawa ya mtoto waliyoambiwa wakanunue dukani ilhali sera inasema matibabu ya walio chini ya miaka mitano ni bure. Andika tarehe ya kila tukio. Kama mganga mfawidhi atasema dawa ziliagizwa Bohari ya Dawa zikachelewa, omba nakala ya fomu ya maombi na ile ya mapokezi, uziweke pamoja, na hoja hiyo iingizwe kwenye muhtasari wa kikao kabla hamjatawanyika.