Mainterni, kabla hamjaandika mseto

Wadogo zangu, jana OPD (kliniki ya wagonjwa wa nje) interni, daktari wa mafunzo, kanimwagia kemikali za ubongo, glutameti, aspateti, na vipokezi vyake, NMDA, AMPA, bila hata kupumua, nusura nimpigie makofi, kufungua daftari la mgonjwa: kichwa, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) negativu, mseto, dawa ya malaria. Mseto! Nikacheka kwa uchungu, huyo ni mimi wa zamani, kipandauso nakiita malaria.

1. Ulizeni dalili inachukua dakika ngapi. Hii naisema kwa aibu. Nikiwa interni hapa Mbeya kulikuwa na mama anauza ndizi Mwanjelwa, kaja kichwa upande mmoja, anatapika, mRDT negativu, nikajisemea kipimo kimekosea, nikampa mseto. Karudi, nikampa tena na diklofenaki juu, nikamwambia kikianza tu we meza za dukani. Mara ya tatu kachoka na mimi, kachukua peni yangu mezani kachora nyuma ya daftari kamstari ka meno ya msumeno anakokaona machoni, "dokta mwanangu, hii inaanzaga katikati, inatembea mdogomdogo hadi pembeni, ugali unaiva ndo inaisha, halafu kichwa ndo kinakuja." Nikamwambia macho tutayaangalia siku nyingine. Jamani, kanichorea wimbi lenyewe la kipandauso! Mtafiti Leão kalieleza tangu 1944, seli za gamba la ubongo zinamwaga potasiamu na glutameti, jirani naye anashtuka anamwaga ya kwake, linatambaa kama milimita 3 kwa dakika. Kwenye mtihani nilipata, kwa mama nikafeli. Kufika hapo alishakuwa anameza kila siku na kichwa kinauma kila siku, na aliyemfundisha kumeza ni mimi. Nesi ndo alisoma daftari toka ukurasa wa kwanza akaniuliza mbele ya foleni, "dokta, malaria tatu, zote negativu, na baridi hii ya Mbeya?"

2. Dawa za maumivu za kawaida siku 15 kwa mwezi, triptani (dawa za kipandauso) siku 10, ikienda hivyo miezi zaidi ya mitatu dawa ndo zinaleta kichwa. Hesabuni siku, sio vidonge.

3. Msimkataze mtu mchuzi wake kwa kuogopa glutameti, ya sufuriani haivuki kirahisi kwenda ubongoni. Anayekaa mlangoni pa NMDA ni magnesiamu, dawa ya topirameti inabana vipokezi vya AMPA na keineti, basi.

4. Kichwa cha kupasuka ghafla, shingo ngumu, homa, mkono umelegea: hapo habari za ugali achaneni nazo, kimbizeni mgonjwa.

Yule mama bado yupo Mwanjelwa. Nikipita anawaambia wenzake "mzee wa mseto huyo", halafu ananiongezea ndizi mbili.