Waifai inakatika jioni tu, Nyamanoro

Kaka, umeuliza kuhusu waifai yako huko Nyamanoro, Mwanza: kama mchana inapeta na ikifika saa moja jioni inakatika, usikimbilie kununua ruta mpya (kile kiboksi kinachorusha waifai). Chomeka kwanza kompyuta kwenye ruta kwa waya saa hizohizo. Intaneti ya waya nayo ikikatika, wasumbue wanaokuuzia intaneti. Ikiwa safi, basi ni majirani: huko mlimani nyumba zimebanana, jioni kila ruta inagombania masafa ya 2.4 GHz, yaani mawimbi yaleyale ya waifai. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, weka chaneli (njia ndani ya masafa hayo) 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo. Sebuleni tumia masafa mengine ya waifai, 5 GHz, ila haipendi kuta, na lile jiwe mlilojengea chumba cha nyuma haivuki kabisa. Halafu ruta itoe nyuma ya TV jamani, ipandishe juu ya kabati.