Kumkumbuka kijana wetu aliyefia Vita vya Kagera

Baba yangu mdogo alikufa akiwa askari kijana katika Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, kabla sijazaliwa, na nyumbani kwetu aliitwa "shujaa" tu, kana kwamba hakuwahi kuchelewa kurudi machungani. Kwa familia zenye marehemu wa namna hiyo, ushauri wangu ni kuanza na maisha yake ya kabla ya jeshi, na kuanza sasa, kwa kuwa waliocheza naye utotoni wamekwisha kuwa wazee.

Bibi hakupenda kuulizwa jinsi mwanawe alivyokufa, na sikuona kwa nini alazimishwe. Nilipomuuliza kijana huyo alipenda kula nini, alizungumza hadi jioni: ukoko wa ugali alioukwangua sufuriani, viatu vya kaka yake alivyovichukua kwa siri ili aende navyo ngomani. Yaandikeni mambo hayo kama yalivyosemwa, pamoja na jina la msemaji, hata yanapopingana. Shangazi husema alikuwa mpole, baba husema alikuwa mgomvi, nami nimeandika yote mawili.

Habari za kifo zinataka uangalifu zaidi, kwa sababu hadithi za vita hukua. Zipimeni kwa tarehe zinazojulikana: majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Masaka ilitekwa Februari 1979, mapigano ya Lukaya yakafuata mwezi Machi, na Kampala ikaanguka Aprili 11. Kwetu ilisemwa alifia Kampala, lakini bibi alikumbuka kwamba taarifa ilimfikia Kwaresima ikianza, na mwaka ule Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 28. Tena msidhani kila aliyekwenda alitoka Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), maana jeshi liliongezewa mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza. Kabla ya kwenda kuulizia kumbukumbu zake, jueni aliingia vitani kupitia lipi kati ya makundi hayo na tafuteni namba yake ya utumishi katika barua za zamani.

Kama amezikwa katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, nendeni. Julai 25, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na heshima hiyo ni kubwa, ila mimi napendelea siku isiyo na gwaride. Tulipokwenda, baba alimweleza mdogo wake bei ya kahawa na nani kaoa wapi, kwa kirefu. Wazee wa namna hii wasiharakishwe, wabebeeni kiti.