Sitaha ya boti: angalia mifereji kabla ya kununua praima

Mdogo wangu unayeanza kupaka boti hapa Dar, nakuanzishia na sitaha, yaani sakafu ya juu ya boti, maana ubavu wa boti ni laini na humsamehe fundi. Sitaha ya faiba ina zile nakshi za kuzuia mguu usiteleze, na msasa hukwangua vichwa vyake tu. Kwenye mifereji iliyo kati ya vichwa hivyo haufiki, na huko ndiko mafuta ya samaki, chumvi na nta ya kiwandani vinakojificha.

Nilijifunza hayo kwenye boti moja Kigamboni. Ijumaa nilipaka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikia rangi ya juu, Jumamosi mvua ikanyesha, nikarudi Jumatano nikapitisha msasa haraka haraka na kuweka rangi ya juu. Mwezi haukuisha. Vichwa vya nakshi vilikuwa vimeshika barabara, lakini ukiingiza ukucha kwenye mfereji rangi inatoka utepe mrefu, na chini yake praima inang'aa kama sahani. Mwenye boti ni mvuvi, siku zote ilizokaa nchi kavu hakuingiza kitu. Niliirudia kazi ile kwa fedha yangu, na bado inaniuma.

Kwa hiyo unaponunua praima, uliza kwanza muda wake wa kupokea mkono unaofuata, yaani tabaka la rangi linalokuja juu yake. Epoksi ikiwa bado changa hushikana na rangi ya juu yenyewe. Ikishakomaa inataka msasa, na kwenye mifereji msasa huna. Maelezo ya kopo yanataja saa, ila joto letu huzifupisha. Mimi hubonyeza kwa kidole gumba: kikiacha alama bila kutoka na rangi, naendelea. Usianze praima kama rangi ya juu haipo mkononi. Na usichukue praima nzito ya kujaza mashimo, itaziba nakshi na mtu atateleza.

Usafi ufanye kwa brashi ngumu ya nailoni, sabuni na maji ya bomba, halafu kitambaa chenye kiyeyusho cha kutoa nta, na kitambaa kingine kikavu kifuate hapo hapo. Stilwaya usiitumie kabisa, vipande vyake hubaki mferejini vikafanya kutu chini ya rangi. Ukimaliza mwagia maji: yakitanda, umesafisha, yakijikusanya matone, rudia.

Epoksi peke yake juani huchakaa ikawa unga kama chaki, kwa hiyo lazima ifunikwe. Napendelea rangi ya polyurethane ya makopo mawili, rangi na hadena yake ya kuigandisha, inavumilia jua letu. Lakini kama chini kuna rangi ya zamani, iwekee kitambaa chenye tina, kile kiyeyusho cha rangi, kwa dakika chache. Ikilainika au kukunjamana, usiweke rangi ya makopo mawili juu yake, itaivuruga yote. Ibandue, au baki na rangi ya mafuta ya kopo moja. Hadena ya polyurethane ina kemikali iitwayo isosayaneti, inaharibu mapafu. Tumia rola, glavu na barakoa yenye vichujio vya mvuke. Kuipuliza kwa mashine ukiwa na barakoa ya kitambaa ni kujiumiza, hata bosi akikuharakisha.

Paka mikono miwili au mitatu myembamba, na nunua rangi zaidi ya hesabu ya urefu mara upana, kwa sababu nakshi hula rangi.

Hali ya hewa hapa inadai heshima. Asubuhi sitaha ina umande hata kama huuoni, basi subiri jua liikaushe. Jioni acha mapema, kabla rangi mbichi haijapata unyevu ikapoteza mng'ao. Juni hadi Agosti ndio wakati mzuri. Masika epuka kama unaweza. Boti iliyopandishwa ufukweni kwa bamvua, yale maji makubwa ya bahari, hushuka kwa bamvua lijalo, yaani una kama siku 14 tu. Zihesabu kuanzia mwisho: tenga kwanza siku za rangi kukomaa, zinazobaki ndizo za kusafisha na kupaka.

Rangi yenyewe chagua kijivu chepesi au krimu. Nyeupe huumiza macho ya nahodha, na sitaha nyeusi saa saba mchana haikanyagiki peku.